Mwalimu Nyerere na waya wa umeme: nani alipe bei ya umbali?

Kila ifikapo Oktoba 14, redio nyingi nchini, yetu ikiwamo, hurusha hotuba za Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Wasikilizaji wetu wengi wanazijua kiasi cha kuzimalizia wenyewe. Safari hii tumeona tumsimulie kwa njia nyingine, kupitia nguzo za umeme. Sababu ni maneno ambayo siku hizi hayakauki katika taarifa za habari: gridi janja, mita janja, laini ya kilovolti 400, umeme wa kununua nje. Mkulima wa Endabash anayesikia maneno hayo ana haki ya kuuliza yanamhusu vipi. Jibu linaanzia mbali kidogo, katika maisha ya mtu aliyeamua umeme wa nchi hii uwe mali ya nani.

Alizaliwa Aprili 13, 1922, Butiama, ng'ambo ya Serengeti ukitazama kutoka huku kwetu Karatu. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Mtoto alipewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua katika mila za Wazanaki, kwa kuwa alizaliwa siku ya mvua. Tunalitaja jina hilo kwa makusudi. Miaka 50 baadaye mwenye jina hilo angeitegemea mvua kuwasha taa za nchi nzima, na mvua haikumtii kila mwaka.

Alianza shule akiwa na miaka 12, mwaka 1934, Mwisenge mjini Musoma. Mwaka 1937 akaenda Tabora, kisha Makerere, Uganda, kuanzia 1943. Mwaka huohuo wa 1943 alibatizwa na kupewa jina la Julius. Alirudi Tabora kufundisha shule ya St Mary's, na kutoka hapo akapata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, mwaka 1949.

Hapa wasimulizi wengi hupita haraka, wakitaja shahada na kusonga mbele. Sisi tunasimama, kwa sababu Nyerere aliikuta nchi iliyokuwa katikati ya mageuzi makubwa ya umeme. Mwezi Aprili 1948 Uingereza ilikuwa imetaifisha kampuni za umeme na kuziweka chini ya umma. Kaskazini mwa Scotland bodi ya umma iliyoundwa mwaka 1943 ilikuwa inajenga mabwawa milimani na kuvuta nyaya hadi kwenye vibanda vya wakulima wadogo na wavuvi ambao hakuna mfanyabiashara aliyewataka. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Umeme mwingi uliuzwa kwa wingi upande wa kusini, kwenye miji na viwanda, na fedha iliyopatikana ikabeba gharama za watu wa pembezoni. Kijana kutoka Butiama alikuwa akisoma uchumi, historia na falsafa ya maadili katika nchi ambayo swali la nani amlipie mtu wa mbali lilikuwa limejibiwa kwa nguzo na zege.

Alirudi Tanganyika mwaka 1952 na kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwaka 1953 alimuoa Maria Waningu Gabriel, na mwaka huohuo akachaguliwa rais wa chama cha TAA. Julai 7, 1954 chama hicho kikazaliwa upya kuwa TANU. Mwaka 1955 alikwenda Umoja wa Mataifa kuzungumzia hatima ya Tanganyika, na aliporudi akaacha ualimu ili afanye siasa. Yaliyofuata yanajulikana: Uhuru Desemba 9, 1961, Jamhuri mwaka mmoja baadaye, Muungano na Zanzibar Aprili 26, 1964.

Nchi aliyoipokea ilikuwa na umeme, ila umeme uliofuata fedha. Wajerumani waliuleta Dar es Salaam mwaka 1908 kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyoishi wao. Chini ya Waingereza, mwaka 1931, biashara ilikabidhiwa kampuni binafsi mbili: moja ya Dar es Salaam na jirani zake, nyingine ikiitwa TANESCO kwa maeneo mengine. Maporomoko ya Pangani yalizalisha umeme tangu miaka ya 1930, na kazi yake kubwa ilikuwa kuendesha mashamba ya mkonge ya Tanga. Karatu wakati huo ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu. Mahindi, ngano na ng'ombe wetu walikwenda sokoni, waya haukuja.

Katika hotuba yake ya kuapishwa kuwa Rais, Desemba 1962, Nyerere aliwataka wananchi waishi pamoja vijijini. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wakitawanyika, kila mmoja na boma lake, haiwezekani kuwapelekea shule, hospitali wala maji safi. Ukimuuliza fundi yeyote wa laini leo atakwambia jambo lilelile kuhusu umeme: kaya 100 zilizokaa pamoja zinahudumiwa na transfoma moja na nyaya fupi, kaya hizohizo zikitapakaa mlimani na bondeni zinahitaji nguzo nyingi na transfoma kadhaa. Mwalimu alikuwa sahihi katika hesabu. Namna ilivyotekelezwa ni habari nyingine. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kwa mamilioni, wengi bila hiari yao, na kuna mahali nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Wazee wanaoikumbuka hawaisimulii kwa furaha, na hatuoni sababu ya kuipamba.

Tukirudi kwenye umeme, serikali ilianza kununua hisa za kampuni zile mbili mwaka 1964. Mwaka huohuo kituo cha Hale, cha megawati 21, kilianza kuzalisha katika mto Pangani. Ndipo likaja Azimio la Arusha, Februari 5, 1967. Wengi hulikumbuka kwa benki na mashamba makubwa. Ndani yake, katika orodha ya njia kuu za uchumi zinazopaswa kuwa mikononi mwa wakulima na wafanyakazi, umeme umetajwa pamoja na ardhi, maji, misitu na madini. Na kuna sehemu nyingine ambayo huwa haisomwi sana kwenye maadhimisho. Azimio linakiri kwamba mikopo ya kigeni hutumika zaidi mijini, kwamba taa za umeme na mabomba ya maji yako mijini, ilhali fedha ya kulipa mikopo hiyo inatokana na jasho la mkulima. Mwalimu aliliona hilo mapema na akaliweka kwenye maandishi ya chama chake mwenyewe. Mkulima wa kahawa wa Karatu alikuwa anailipia taa asiyoiona.

Mwaka 1975 serikali ikawa mmiliki pekee wa TANESCO. Mwaka huo pia Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu mkoani Morogoro, kilianza kuzalisha. Sweden na Benki ya Dunia walisaidia fedha. Awamu ya pili ilipokamilika mwaka 1980 kituo kilikuwa na megawati 204, nyingi kuliko vituo vyote vya maji vilivyotangulia ukivijumlisha. Wakati ulikuwa mzuri kwa namna moja: bei ya mafuta ilikuwa imepanda vibaya tangu 1973, na kila mashine ya dizeli iliyozimwa iliokoa fedha za kigeni. Bwawa la Mtera lilijengwa juu ya mto huohuo ili kuhifadhi maji ya Kidatu. Hivyo ndivyo gridi yetu ilivyopata umbo lake. Umeme unazaliwa kwenye mito ya kusini na mashariki, unasafiri kwa nyaya ndefu kwenda Dar es Salaam, na baadaye kwenda Dodoma, Mwanza na kaskazini. Sisi tuko kwenye mkia.

Jambo jingine la miaka ileile halikuhusu umeme moja kwa moja, ila linaueleza. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilipanga bei moja ya mazao nchi nzima. Gunia la mahindi la Rukwa lilinunuliwa kwa bei ileile ya gunia la karibu na Dar es Salaam, na gharama ya lori ikabebwa na umma. Wazo lilikuwa kwamba raia asiadhibiwe kwa kuzaliwa mbali. Wakulima wa mikoa ya mbali walilipenda, wakalima sana. Lakini Shirika la Usagishaji lilibeba hasara mwaka hadi mwaka, na katika miaka ya 1980 mpango huo ukaachwa. Umeme, kwa upande wake, umebaki na sura hiyo. Mpaka leo bei ya uniti ni moja nchini. Mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, awe anaishi karibu na mitambo au Endabash.

Ndoto kubwa zaidi ya Mwalimu ilikuwa mto Rufiji, kwenye korongo lililoitwa Stiegler's. Mwaka 1975 iliundwa mamlaka ya kuendeleza bonde hilo, na wataalamu wa Norway walifanya uchunguzi wa kina. Bwawa halikujengwa. Gharama zilikuwa kubwa mno, wafadhili hawakushawishika, na mwaka 1978 vikaja vita vya Kagera vilivyomaliza akiba ya nchi. Miaka iliyofuata ilikuwa ya foleni za sukari na sabuni. Nyerere aling'atuka Novemba 1985, akarudi Butiama kulima. Aliziacha shule na zahanati vijijini kwa wingi ambao nchi nyingi maskini hazikuufikia. Umeme vijijini hakuuacha. Vijiji vingi vilibaki gizani, na kwa maoni yetu hilo ni mojawapo ya madeni ya utawala wake ambayo Azimio lenyewe lilikuwa limeyaandika.

Aliishi akaona pia udhaifu wa gridi iliyotegemea maji. Miaka ya 1992 na 1994 mvua zilipungua, mabwawa yakashuka, mgawo wa umeme ukaingia mijini. Alifariki Oktoba 14, 1999, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, kwa ugonjwa wa saratani ya damu, akazikwa Butiama.

Kwa namna fulani maisha yake kwenye umeme yaliendelea baada ya hapo. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, ulivuta nyaya kijiji kwa kijiji hadi vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vikahesabiwa kuwa vimefikiwa. Ada ya kuunganishwa kijijini ikawekwa shilingi 27,000. Kufikiwa kwa kijiji maana yake waya umefika kijijini. Vitongoji vingi bado vinasubiri, na hapo ndipo swali la makazi yaliyotawanyika linaporudi. Korongo la Rufiji nalo likajengwa. Mkataba na kampuni za Misri ulitiwa saini Desemba 2018, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi mapema 2024 na wa tisa mwaka 2025. Mitambo hiyo tisa ya megawati 235 kila mmoja inafanya megawati 2,115. Bwawa linaitwa Julius Nyerere.

Basi umeme upo. Tatizo lililobaki ni njia. Umeme ukisafiri kwenye waya, sehemu yake hugeuka joto na kupotea, na kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa ndivyo upotevu unavyozidi. Dawa ya kwanza ni kuongeza msongo. Ukiongeza msongo mara mbili kwa umeme uleule, mkondo unapungua kuwa nusu na upotevu unabaki robo. Ndiyo maana laini mpya inayotoka Singida kupitia Babati hadi Arusha na Namanga, ikavuka kuingia Kenya, ni ya kilovolti 400. Iliwashwa mwishoni mwa 2024. Miezi michache baadaye, Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza akiwa Same kwamba kuusafirisha umeme hadi mikoa ya kaskazini kunaipotezea nchi takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka, na kwamba serikali imeona bora kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa hiyo. Mjadala ulikuwa mkali. Wengi waliuliza kwa nini nchi yenye bwawa la megawati 2,115 inunue kwa jirani. Hesabu ya upotevu ina mantiki yake. Nchi nyingi huuziana umeme kwa sababu hiyohiyo. Lakini tunaomba wasomaji wetu waone kilichotokea hapo. Kwa mara ya kwanza umbali wetu ulitajwa hadharani kwa shilingi.

Gridi janja ni teknolojia ya kutaja umbali huo kwa undani zaidi, na kwa kila nyumba. Gridi ya enzi za Kidatu ilisukuma umeme upande mmoja na haikujua kinachoendelea mwishoni. Nguzo ikianguka bondeni, mteja anapiga simu, fundi anapanda pikipiki na kufuata laini mpaka aone waya ulipokatika. Kwenye gridi janja vifaa vya kupima vinafungwa njiani na kutuma taarifa kwenye chumba cha uendeshaji. Swichi zinafungwa na kufunguliwa kutoka mbali, zikitenga kipande chenye hitilafu ili vijiji vingine vibaki na umeme. Alfajiri ya Aprili 1, 2024 hitilafu iliangusha gridi ya taifa na nchi ikalala gizani; kuzuia hitilafu moja isisambae hivyo ni kazi mojawapo ya teknolojia hii.

Mita nayo inabadilika. Wenye LUKU wanakumbuka mwaka 2024 walipotakiwa kuingiza namba za ziada kabla ya Novemba 24. Sababu yake ni ya kuchekesha kidogo. Mita za aina hii duniani kote huhesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo ilikuwa inajaa baada ya dakika 16,777,216. Kila mita ilibidi ianzishwe upya kwa mkono. Mita janja, ambazo TANESCO imeanza kuzifunga, huwasiliana zenyewe na mtoa huduma: ukinunua umeme unaingia bila kubonyeza namba, umeme ukikatika mtoa huduma anajua, na kishoka akichezea mita inaonekana. Mwenye sola juu ya bati anaweza, sheria ikiruhusu, kurudisha umeme wa ziada kwenye laini na ukahesabiwa. Inahitaji mtandao wa simu ulio imara, jambo ambalo katika baadhi ya mabonde yetu si la kulichukulia kirahisi. Inajua pia saa ngapi unawasha taa na siku gani hukuwepo nyumbani, na taarifa hizo zinahitaji ulinzi.

Kubwa kuliko yote ni hili. Mita ya zamani ilimwambia mtoa huduma kitu kimoja tu, uniti ulizotumia. Mita janja, zikiunganishwa na vipimo vya kwenye laini, zinaweza kumwambia gharama halisi ya kumfikishia umeme mwenye mashine ya kusaga Endabash, kwa saa, ikilinganishwa na mwenye friji Kigamboni. Mpaka sasa bei moja imeishi kwa raha kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha kwa usahihi nani anambeba nani. Takwimu zikipatikana, patakuwa na watu wenye hoja nzuri kabisa za kihasibu watakaosema mteja wa mbali alipe zaidi. Patakuwa na wengine watakaotumia takwimu hizohizo kufunga transfoma mahali zinapohitajika na kupunguza upotevu, bei ikabaki palepale. Mashine inaruhusu yote mawili. Nyerere alichagua upande wake mwaka 1967, akalipia uchaguzi huo kwa hasara za mazao, na upande wa umeme uchaguzi wake haujafutwa.

Bei za umeme huidhinishwa na EWURA. Kabla ya kuzibadilisha, mamlaka hiyo huitisha taftishi, yaani mikutano ya wazi ambako mwananchi yeyote anaweza kusimama na kutoa maoni, au kuyatuma kwa maandishi. Wakulima, wenye mashine na wenye saluni wa Endabash wana nafasi kwenye mikutano hiyo sawa na wenye viwanda. Ikitangazwa, tutaisoma tarehe yake kwenye taarifa ya habari ya asubuhi na ya jioni.